Kiraka cha Dakika Nne

Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Marahaba yako nimeshaipokea, maana najua utaitamka kwa sauti hata kama kuna mteja amesimama mbele yako. Jicho la kulia linaendeleaje tangu daktari alipokupa ile dawa inayochoma? Na magoti je? Shemeji bado anakugombeza kwa kukaa kibandani mpaka mgongo unakakamaa? Mimi sijambo. Kifua kimeachia tangu baridi ilipopungua, meno yamebaki ya kutosha kutafunia, na usingizi naupata, isipokuwa wiki hizi chache zilizopita. Ndizo zinazonifanya nikuandikie badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ungenikatiza, nakujua. Ungesema, njoo tu, hayo mengine tutayaongea huku, kisha ungekata kwa sababu husikii vizuri na hutaki nijue.

Basi nianze na lile zito ili lisikuvizie katikati ya barua. Tarehe kumi na nne sitakuja. Najua chumba changu huko kwako kimepigwa lipu, najua dirisha limehamishiwa upande wa asubuhi kama nilivyoomba, na najua umewatangazia watu. Tiketi nimeisogeza mbele kwa miezi mitatu. Siumwi, na wala sijaogopa kurudi baada ya miaka yote hii, ingawa kuogopa naogopa. Sababu ni kwamba kuna marehemu aliyeandikiwa kosa ambalo si lake, na aliye hai wa kulifuta ni mimi peke yangu. Siwezi kupanda ndege nikaliacha hivyo. Nivumilie nikueleze kwa utaratibu. Ukiisoma juu juu utaona ni ugomvi wa wazee wa maabara.

Kila ulipoulizwa mdogo wako anafanya kazi gani, ulijibu kwamba anatafuta vitu ambavyo havipo. Shemeji alinisimulia, nami nilicheka, lakini hukuwa mbali na ukweli. Kuna chembe ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziona. Wenye hesabu wanasema kwamba kama zingekuwepo, mambo kadhaa yanayowatatiza yangekaa sawa. Ni kama wewe unapofungua saa ya mtu ukahisi kuna gurudumu limepungua. Hujawahi kuliona, lakini mwendo wa mishale hauelezeki bila hilo gurudumu.

Shida ni kwamba chembe hizo, kama zipo, hazishikamani na kitu. Zinapenya ukuta, mlima, na dunia nzima kama mtu anayepita kwenye ukungu. Mitambo yetu ya hapa duniani haina nguvu ya kuzitoa kwa wingi. Kwa hiyo tunangoja msiba wa mbali. Nyota kubwa inapoishiwa na kile inachokichoma, hujiporomokea yenyewe, na kwa muda wa sekunde kumi hivi kitovu chake huwa na joto na uzito uliopita chochote tunachoweza kukitengeneza. Hapo ndipo chembe hizo zingechuruzika bila idadi. Chache zingegeuka zikiwa njiani na kuwa miale ya gama, na miale hiyo tunaweza kuihesabu kwa chombo kilichofungwa kwenye setilaiti. Ukiona miale imezidi kawaida, umepata dalili. Ukiona kimya, pia umepata jambo, kwa sababu sasa unaweza kusema: kama zipo, basi ni adimu kuliko kiasi hiki. Nusu ya umri wangu nimeitumia kupima kimya.

Katika muda wangu wote wa kazi, nyota ya namna hiyo imepasuka karibu nasi mara moja tu. Nasema karibu, lakini mwanga wake ulikuwa njiani kwa zaidi ya miaka laki moja na nusu. Ulifika miaka thelathini na sita iliyopita, nilipokuwa na mwaka wa pili huku, nikikaa kwa karatasi za muda na koti la kuazima.

Nilikuwa nimeajiriwa chumba cha wasomaji. Usidhani ni maktaba. Ni chumba cha ghorofa ya pili chenye meza moja ndefu iliyojaa mikwaruzo, taa sita za kuinamisha, na viti sita ambavyo kimoja kilikuwa kifupi kuliko vingine. Cha mgeni kilikuwa hicho kifupi, kwa hiyo nilifanya kazi mwaka mzima kidevu kikiwa usawa wa meza. Kazi yenyewe ilikuwa kusoma namba. Chombo cha kwenye setilaiti kiliandika namba moja kila sekunde mbili: miale mingapi imegonga. Namba hizo zilishushwa kwenye kituo cha kupokelea, zikahifadhiwa kwenye kanda za sumaku, zikachapwa kwenye karatasi ndefu, nasi tukazipitia moja moja.

Aliyenifundisha ni msomaji mkongwe tuliyemwita Penseli. Jina lilitokana na wembamba wake, na pia kwa sababu daima alikuwa na penseli moja juu ya sikio huku akiitafuta nyingine mezani. Alikuwa na maneno makali na moyo laini. Siku ya kwanza aliinua karatasi yangu kwenye taa, akaitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama kwetu saba huandikwa ikiwa imelewa. Siku ya pili aliniletea soksi za sufu, akasema ni za mtu aliyekufa lakini hakufa kwa sababu ya miguu. Sikuwahi kujua kama ni kweli.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo kila kitu kinapofungamana. Mara nyingine kituo cha kupokelea kilipata mvurugo, na namba za dakika kadhaa zikaja zikiwa takataka tupu. Sheria ilikuwa kuziondoa na kungoja kanda ya kituo cha pili, ambayo ilikuja kwa posta baada ya wiki moja au mbili. Lakini mashine yetu ya kuchorea michoro haikuvumilia pengo. Ikikuta nafasi tupu inasimama, na kuiwasha upya ilikuwa kazi ya asubuhi nzima. Ukiipa namba moja ileile mfululizo, kalamu yake inaganda mahali pamoja na kumwaga wino. Penseli ndiye aliyevumbua dawa. Ukiwa na pengo la dakika nne, unachukua namba za dakika nne zilizotangulia, unazinakili kinyumenyume, ya mwisho ikiwa ya kwanza, na unazipachika kwenye pengo. Mashine inaridhika, mchoro unatoka, kazi inaendelea. Tuliita kiraka. Halafu, na hili alilisema kila siku mpaka tukawa tunamwigiza, unaandika kwenye daftari kubwa la kijani: kiraka kimeanza saa ngapi, kimeishia saa ngapi, na herufi ya jina lako. Kanda ya pili ikija, mtu anafungua daftari, anaona viraka, anavibandua na kuweka namba za kweli. Penseli alisema kiraka kilichoandikwa ni kazi, na kisichoandikwa ni uongo. Alikuwa hatanii aliposema hivyo.

Nyota ilipopasuka, setilaiti yetu ilikuwa hewani na chombo kinahesabu. Matangi makubwa ya maji ya maabara nyingine, yaliyochimbiwa chini ya ardhi, yalinasa dalili zake za kwanza, na kwa hizo tukajua sekunde yenyewe. Profesa wetu wa wakati ule alitazama zile sekunde kumi kwenye karatasi zetu akakuta kimya. Alitangaza kwamba zile chembe zetu, walau za aina nyepesi, ambazo zingefika pamoja na dalili za kwanza, ni adimu sana au hazipo. Tulipiga makofi. Matokeo yale yalikuwa ya kweli na yanasimama mpaka leo.

Profesa alistaafu, akafa. Wasomaji walitawanyika, kompyuta zikachukua meza ile ndefu. Mimi nilipanda vyeo mpaka nikastaafu, na tangu hapo nakwenda maabara siku tatu kwa wiki kwa sababu ndimi pekee niliyebaki ninayejua mpangilio wa kanda za zamani. Wananiita Mzee wa Kanda. Mkuu wa sasa ni mwanamke ambaye nilipoanza kazi hakuwa amezaliwa. Haongei sana, hacheki ovyo, na kazi yake ni chembe nzito. Chembe nzito, Kaka, hazifiki pamoja na mwanga. Zinajikokota, na nyingine huvunjika njiani, kwa hiyo miale yake ingefika imechelewa, pengine dakika tatu, pengine saba. Kwa hiyo Mkuu hakuhitaji zile sekunde kumi za Profesa. Alihitaji dakika zilizofuata. Kwa miaka tisa amezijengea hesabu, akisubiri nyota nyingine ipasuke, na isipopasuka basi atumie ileile ya zamani mpaka aikamue tone la mwisho.

Mwaka huu kazi yake ilikuwa imekamilika. Alibakiza kuipitisha kwa binti mmoja wa takwimu, mkali kama wembe, ambaye kazi yake ni kutafuta kasoro za wenzake na huifanya kwa furaha. Wiki nane zilizopita binti huyo aliingia mkutanoni na karatasi mbili, akaziweka juu ya kioo cha dirisha moja juu ya nyingine, akageuza ya juu. Zililingana nukta kwa nukta. Alisema kwamba dakika nne zinazoanza dakika ya tatu baada ya nyota ni dakika nne zilizotangulia, zimesomwa kinyumenyume, namba mia moja na ishirini bila kukosea hata moja. Akauliza kama mbingu zina tabia hiyo.

Daftari la kijani lilitolewa stoo. Siku ile haina kiraka hata kimoja. Orodha ya zamu ilitolewa pia, na kwenye zamu ya asubuhi ya kupitia karatasi za siku ile kulikuwa na jina la Penseli. Mtu akasema, kugeuza si ulikuwa mtindo wake? Wote wakaniangalia mimi, kwa sababu nilimjua. Nikasema ndiyo, ulikuwa mtindo wake. Hilo tu. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano: kwamba msomaji wa zamu, sasa marehemu, alijaza namba za kubuni bila kuziandika daftarini, na kwamba kazi zake zote za miaka ile zipitiwe upya. Kazi zake zote, Kaka. Miaka ishirini na mbili ya mtu aliyekuwa anafuta namba na kuiandika tena kwa sababu mkia wake haukumridhisha.

Sasa nifike mahali ninapopakwepa tangu ukurasa wa kwanza.

Kiraka kile nilikishona mimi.

Asubuhi ile ilikuwa zamu ya Penseli kweli. Alikuwa amenijia jana yake jioni, macho yamemtoka, akaniambia mke wake amepelekwa kujifungua, mtoto wa kwanza, akaniomba nikae mahali pake. Nilikubali kwa furaha, maana nilikuwa na deni la soksi. Lakini siku ileile nilikuwa na zamu nyingine ambayo sikumwambia mtu: nilipaswa kuwa kwenye ofisi ya wageni kabla ya saa tano, na namba yangu ya foleni mkononi. Ukikosa foleni ile unarudishwa nyuma miezi sita, na karatasi zangu za muda zilikuwa zinaisha baada ya siku tisa. Baada ya hapo ningerudishwa huko nilikotoka, na unajua huko mwaka ule kulikuwa na nini. Wewe ndiye uliyenisukuma juu ya lori nikimbie.

Nilianza kazi alfajiri. Saa tatu na nusu nikakuta mvurugo wa dakika nne. Nikageuza namba mia moja na ishirini haraka haraka, nikazipachika. Daftari la kijani lilikuwa chumba cha pili na mwenye ufunguo alikuwa hajafika. Nikajiambia nitaandika nikirudi. Nikavaa lile koti, nikakimbia.

Foleni ilichukua siku mbili. Niliporudi na karatasi yangu, wino haujakauka vizuri, maabara yote ilikuwa imesimama kwa miguu miwili: habari za nyota zilikuwa zimefika, na Profesa alikuwa ameshazichukua karatasi za siku ile. Nilikwenda kuangalia. Kiraka changu kilianza baada ya sekunde kumi zake, kwa hiyo hakikumgusa. Hapo ndipo nilipopaswa kwenda kwenye daftari na kuandika mstari mmoja. Sikwenda. Nilifikiri kwamba nikiandika siku mbili baadaye, kwenye ukurasa ambao kila mtu alikuwa anaukodolea macho, wataanza kujiuliza ni nini kingine amekigusa huyu mgeni. Nikaacha. Na kwa kuwa hakukuwa na mstari daftarini, kanda ya kituo cha pili ilipokuja haikufunguliwa. Ikawekwa stoo pamoja na nyingine. Sikusahau, Kaka. Nilijizoeza kutokumbuka, na nikalifanya hilo kwa ustadi kuliko kazi yangu.

Hata hilo ningeweza kukwambia bila kuinamisha uso. Nilikuwa kijana na nilikuwa na hofu. Linaloniinamisha ni wiki sita baada ya mkutano ule. Nilikuwa mzee wa miaka sabini na tatu, nina uraia, nina pensheni, hakuna wa kunifukuza popote. Nikanyamaza. Nilikuwa nahesabu siku za kufika tarehe kumi na nne. Nilijiambia marehemu haumii, na mimi nitakuwa nimeshaondoka, nimekaa kwenye kile chumba chenye dirisha la asubuhi, nakusikiliza ukiwatania wateja. Nilifungasha hadi vitabu.

Kilichonitoa hapo ni mjane wa Penseli. Anakaa mtaa wa pili kutoka kwangu, ghorofa ya nne, na barua za maabara humfikia bado kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kulitoa jina la mume wake kwenye orodha. Nilikutana naye kwa muuza mikate. Aliniamkia kama kawaida, kisha akaniuliza kama nami nilipata zile kumbukumbu za mkutano. Nikasema nilipata. Akaniangalia, akachukua mkate wake, akaenda. Kesho yake nikapanda zile ngazi.

Alifungua mlango nusu, mnyororo ukiwa umefungwa. Nikamwambia yote, palepale kwenye ngazi, huku jirani wa chini akifagia polepole kuliko inavyotakiwa ili asikie. Nilipomaliza hakushangaa. Alisema tarehe ile anaijua kuliko mtu yeyote wa maabara, kwa sababu ndiyo tarehe ya kuzaliwa binti yake, na asubuhi yote ile mume wake alikuwa amemshika mkono hospitali na kumsomea gazeti vibaya kwa woga. Alisema alijua tangu siku ya kwanza kwamba aliyeandikwa siye, na kwamba amekaa wiki sita akingoja kuona ni nani kati yetu atakayepanda ngazi. Alidhani angekuwa mwingine. Nikaomba msamaha. Akajibu kwamba mume wake hakusingiziwa mlangoni pake, kwa hiyo nisije kumsafishia mlangoni pake. Niende nikaseme palipoandikwa. Akafunga.

Mkutano ulikuwa siku tatu baadaye. Niliomba dakika kumi, nikatumia nne. Nilisema nilichokwambia wewe, bila lori na bila koti, kwa sababu hayo hayakuwahusu. Binti wa takwimu aliacha kuandika. Mkuu hakupandisha sauti. Aliniuliza maswali matatu kama daktari: kiraka kimeanzia namba ipi hasa, kama nimegusa sekunde kumi za kwanza, na kama kuna kiraka kingine changu kisicho daftarini. Nikamjibu, nikaongeza kwamba kwa hilo la mwisho hana sababu ya kuniamini. Akasema hana. Akamwagiza binti apitie kumbukumbu zote za miaka ile kutafuta namba zilizogeuzwa. Ilimchukua siku mbili. Viraka vyote alivyovikuta vilikuwa daftarini, isipokuwa kile kimoja.

Baadaye Mkuu alinikuta kwenye korido. Nilitegemea aniambie nirudishe funguo. Aliniambia hivi, nakuandikia kama alivyosema: Mzee, umenipotezea miaka tisa, Jumatatu saa mbili uwe hapa. Kwa maana kanda ya kituo cha pili ipo. Ipo stoo, ndani ya maboksi kumi na moja yasiyo na maandishi, na namba za kweli za zile dakika nne zimelala humo tangu siku ile, hazijawahi kusomwa na mtu. Gundi ya kanda imeoza, ukiiendesha hivihivi inang'oka. Ni lazima kila moja ipashwe moto taratibu kwenye tanuri la kukaushia kwa saa nane, ipoe, kisha iendeshwe mara moja, labda mbili, ndiyo basi. Na wale wa kituo cha pili walikuwa na mpangilio wao wa ajabu wa kuandika muda mwishoni badala ya mwanzoni, ambao aliye hai anayeukumbuka ni huyu mwenye makosa. Ndiyo miezi yangu mitatu hiyo.

Huenda humo mna kimya kama kwingine, na hesabu za Mkuu zikasimama kwa miguu halali. Huenda mna takataka, na dakika nne zikabaki pengo, na matokeo yake yakapungua nusu. Huenda mna namba zilizopanda kidogo, hapo nitalazimika kukaa na kuzitilia shaka kuliko mtu yeyote, kwa sababu mtu mwenye historia yangu haruhusiwi kufurahi haraka. Vyovyote zitakavyotoka zitaandikwa siku hiyohiyo, zilivyo, na jina langu kwa urefu wake. Nikimaliza, nitakuja. Nikisema miezi mitatu usikie miezi mitatu. Sasa hivi sina neno lingine la kukupa isipokuwa ninalolitekeleza.

Nilitaka uyajue haya kutoka kwangu kabla sijalala chini ya dari yako. Unaweza kukasirika. Ukikasirika niandikie, usimtume shemeji.

Alhamisi nilipeleka kumbukumbu zilizosahihishwa ghorofa ya nne. Jina la Penseli limeondolewa, langu limewekwa, na chini yake Mkuu ameagiza iandikwe kwamba kazi za marehemu zilipitiwa na hazikukutwa na kasoro. Mjane alizipokea kupitia upenyo wa mlango. Akazisoma zote akiwa amesimama, akarudi mwanzo, akazisoma tena, kidole kikifuata mstari. Akauliza hiyo kanda itafunguliwa lini. Nikamwambia Jumatatu tunaanza na boksi la kwanza. Akasema mume wake asingeweza kungoja hadi Jumatatu, angekwenda kulala stoo. Halafu akaufunga mlango, nikasikia mnyororo ukitolewa, akaufungua wote, akaniambia niingie.

Nisalimie shemeji, umwambie lile dirisha halitaharibika kwa kungoja. Wasalimie wanao na wajukuu kila mmoja kwa jina lake, na yule jirani mshona viatu anayeazima redio yako asiirudishe. Jicho lako lifuate masharti ya daktari. Ukiona maandishi yangu yamekuwa madogo mno, mpe mmoja wa vijana akusomee, usiruke mahali. Hata pale penye aibu yangu.

Nakutakia afya na subira, nami nabaki, kwa heshima zote,

Mdogo wako wa mwisho